Ni nani aliyewageuza Waamazoni na Wavalkiria kuwa mazimwi?

Msomaji mmoja ameniletea maswali mawili, nami nayafupisha hapa. Anasema ametazama sehemu moja ya tamthilia ya mauzauza ya Kimarekani ambamo Waamazoni, wale wanawake wapiganaji wa visasili vya Kigiriki, si askari tena, bali ni viumbe wa kutisha waliojivika sura ya wanawake wa kawaida. Hulala na mwanamume usiku mmoja, hujifungua upesi kupita kiasi, na binti aliyezaliwa hukua kwa siku chache hadi kuwa msichana, kisha hutumwa kumuua baba yake ili akubalike katika kabila. Anauliza kama jambo hilo limo katika visasili vya Kigiriki, au ni waandishi wa leo tu waliowapaka matope mashujaa wa kike wa zamani. Swali la pili ni la mtu anayeandika. Ana rasimu ya hadithi ambamo Valkiria, mmoja wa wale wanawake wa vita wa visasili vya watu wa kaskazini mwa Ulaya, anawavizia wasafiri barabarani usiku na kuwanyonya damu. Rafiki yake amemwambia kwamba kwa kuandika hivyo amewatukana Wavalkiria, naye anataka kujua kama rafiki huyo amesema kweli.

Ndugu msomaji, maswali yako yanafanana kwa sura lakini majibu yake yanapishana. Waamazoni walianza wakiwa askari, wakageuzwa mazimwi hatua kwa hatua, na walioianza kazi hiyo ni Wagiriki wenyewe, karne nyingi kabla ya televisheni kuwapo. Wavalkiria ni habari nyingine, kwa sababu utisho wao ni wa kale sawa na uzuri wao, na mimi naamini ni wa kale zaidi. Kwa hiyo anayemfanya Mwamazoni kuwa zimwi anaiendeleza kashfa, ilhali anayemfanya Valkiria kuwa zimwi huenda anakumbuka jambo ambalo wengi wamelisahau. Hata hivyo, wote wawili wanaweza kupoteza kitu kilekile njiani, na kitu hicho ni vita.

Nianze na binti anayemuua baba yake. Hayumo katika habari za Waamazoni walizoandika waandishi wa kale wa Kigiriki, si Herodotus, wala Strabo, wala Diodorus wa Sisilia. Kilichomo ni malighafi tu. Strabo anasimulia kwamba kila mwaka, katika miezi miwili ya majira ya kuchipua, Waamazoni walikuwa wakipanda mlima uliowatenganisha na majirani zao Wagargari, wakatoa sadaka pamoja nao, kisha wakalala nao gizani, yeyote na yeyote, kwa ajili ya kupata watoto tu. Wasichana waliozaliwa walibaki kwa mama zao. Wavulana walipelekwa kwa Wagargari, na kila mwanamume alimlea mtoto aliyeletewa akimhesabu kuwa ni wake, kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua. Ni habari tulivu kabisa: hamna damu ndani yake, hamna hila, na baba hadanganywi wala hauawi. Tena Strabo mwenyewe anashangaa kwamba watu wanaendelea kuziamini habari za jeshi la wanawake watupu.

Jambo lenye makali zaidi tunalipata kwa Herodotus, katika karne ya 5 KK. Anasema kwamba miongoni mwa Wasauromati, watu aliowaeleza kuwa ni wazao wa Waamazoni na vijana wa Kiskithi, yaani wafugaji wa farasi wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, hakuna msichana aliyeolewa kabla hajamuua mwanamume mmoja wa upande wa adui. Maandishi ya kitabibu yaliyohifadhiwa kwa jina la Hippocrates, tabibu wa Kigiriki, yanataja maadui watatu badala ya mmoja. Lisome sharti hilo polepole, kwa maana ndilo ninaloliona limepinduliwa katika tamthilia uliyoitazama. Kwamba binti lazima aue ndipo ahesabiwe mtu mzima, hilo limebaki kama lilivyokuwa. Lakini aliyepaswa kuuawa alikuwa adui wa vitani, na sasa ni baba ambaye juzi tu hakujua kuwa ana mtoto, naye anafuatwa huko huko anakolala. Limebadilika neno moja tu, na kwa badiliko hilo askari amekuwa zimwi.

Kama mwandishi wa tamthilia hiyo alihitaji kielelezo cha kale cha mabinti wenye damu ya baba zao mikononi, kipo, ila si cha Waamazoni. Ni cha wanawake wa kisiwa cha Lemnos, ambao katika kisasili waliwaua waume zao na wanaume wengine wote wa kisiwani, isipokuwa Thoas aliyefichwa na binti yake Hypsipyle na kuokolewa kwa njia ya bahari. Si ajabu visa hivyo viwili vikachanganyika kichwani mwa mtu anayeandika leo, kwa kuwa vyote viwili vinagusa hofu moja ya wanaume wa Kigiriki, yaani hofu ya mji ambao wanawake wake hawana bwana.

Hatua ya kwanza ya kuwageuza Waamazoni haikuhitaji kubadilisha hata unywele mmoja wa kichwa chao. Ilitosha kuwapanga katika safu. Katika Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa vita vya Troy, kitabu cha 6, shujaa Bellerophon anapewa kazi ambazo mfalme anatarajia zimuue, nazo zinafuatana hivi: kwanza amuue Chimaera, ambaye mbele ni simba, nyuma ni nyoka na katikati ni mbuzi, kisha apigane na Wasolymi, kisha awaue Waamazoni. Shujaa Heracles naye anatumwa kuuleta mshipi wa Hippolyta, malkia wa Waamazoni, katika orodha ileile yenye simba wa Nemea na nyoka wa vichwa vingi wa Lerna. Na katika Parthenon, hekalu lililoanza kujengwa Athens mwaka 447 KK, vibao vya marumaru vilivyopangwa juu ya nguzo vilionyesha miungu wakipigana na majitu upande wa mashariki, watu wakipigana na sentauri, wale viumbe nusu mtu nusu farasi, upande wa kusini, Wagiriki wakipigana na Waamazoni upande wa magharibi, na vita vya Troy upande wa kaskazini. Mwili wa Mwamazoni katika mawe hayo ni mwili wa mtu kamili. Lakini raia aliyelizunguka hekalu lile alikuwa amekwisha kuonyeshwa kundi ambalo mwanamke huyo amewekwa, na hakuhitaji kuelezwa kwa maneno.

Hatua ya pili iliugusa mwili wenyewe. Hellanicus, mwandishi wa karne hiyohiyo ya 5, alidai kwamba jina la Waamazoni linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "bila titi". Wataalamu wengi wa lugha leo wanakubaliana kwamba jina hilo si la Kigiriki kwa asili, lakini maelezo yale yalikuwa yamekwisha kushika mizizi. Maandishi yale ya kitabibu niliyoyataja yanaeleza kwamba mama wa Kisauromati alilichoma titi la kuume la mtoto wake mchanga kwa chombo cha shaba kilichopashwa moto, ili nguvu zote ziende begani na mkononi. Wachoraji na wachongaji wa Kigiriki hawakulifuata dai hilo, kwani sanaa yao inawaonyesha Waamazoni wakiwa na matiti yote mawili, na mwanamke yeyote aliyejifunza kupiga upinde atakuambia kwamba titi halimzuii. Kisha Diodorus akaongeza kwamba Waamazoni waliwalemaza wavulana wao miguu na mikono ili wasifae kwa vita. Kufikia hapo tumeshapata mwili uliounguzwa na mama anayewaharibu watoto wake, na mwandishi wa hadithi za mauzauza anayekuja baada ya karne 20 anakuta shamba limekwisha kulimwa.

Nisingependa, hata hivyo, uondoke ukidhani kwamba Wagiriki waliwachukia tu. Katika British Museum, London, kuna mtungi wa udongo uliochorwa na Exekias, mchoraji wa Athens, kati ya miaka ya 540 na 530 KK. Achilles, shujaa wa Wagiriki katika vita vya Troy, amesimama juu ya Penthesilea, malkia wa Waamazoni aliyekuja kuisaidia Troy, naye ameanguka kwa goti moja. Uso wa Achilles umezibwa na kofia ya chuma, na kinachoonekana ni jicho tu. Kofia ya Penthesilea imesukumwa nyuma, uso wake uko wazi, mweupe kama wachoraji wa wakati ule walivyozoea kuwapaka wanawake, na ngozi ya chui imefungwa juu ya vazi lake. Mkuki unamwingia shingoni na damu inaruka, na wakati huohuo macho yao yanakutana. Masimulizi ya kale yanasema kwamba Achilles alimpenda dakika ileile aliyomuua. Kama kuna anayetisha katika picha ile, ni yule asiye na uso, na mchoraji aliyafanya hayo akijua anachokifanya. Mimi huirudia picha hiyo kila ninaposoma Mwamazoni wa kubuniwa leo, nikajiuliza kama mwandishi amempa angalau uso ambao Exekias alimpa.

Nyuma ya visasili palikuwa na wanawake wa kweli. Makaburi ya Waskithi na jirani zao, katika nyika zilizo kaskazini mwa Bahari Nyeusi na kuelekea mashariki, yametoa mifupa ya wanawake waliozikwa na mishale, mikuki na hatamu za farasi. Mwaka 2019, huko Devitsa katika jimbo la Voronezh nchini Urusi, wanaakiolojia walitangaza kaburi la karne ya 4 KK lenye wanawake wanne wa marika tofauti, kuanzia msichana wa miaka 12 au 13 hadi mwanamke wa miaka 45 hadi 50 aliyevikwa taji la dhahabu. Ndani yake mlikuwa na vichwa vya mishale vya chuma na mikuki. Mgiriki aliyesikia habari za watu hao kutoka kwa wafanyabiashara na mateka hakuwa akibuni bure. Alichobuni ni maelezo ya kwa nini mwanamke apande farasi na kushika upinde, kana kwamba lazima kuwe na kasoro inayolieleza jambo hilo.

Maelezo ya namna hiyo hayakuishia kwa Waskithi. Katika karne ya 19, Wazungu waliofika Dahomey, katika nchi inayoitwa Benin leo, waliwakuta wanajeshi wa kike wa mfalme wakawaita Waamazoni, na pamoja na jina wakawatwika sifa za ukatili zilizokwisha kusukwa katika kisasili. Hao walikuwa watu wa historia, wenye vikosi na makamanda, waliopigana na Ufaransa katika vita vya kati ya 1892 na 1894. Ndiyo maana silichukulii suala hili kama mchezo wa fasihi tu.

Sasa nije kwa Wavalkiria. Jina lao katika lugha ya kale ya Skandinavia linaunganisha neno la waliouawa vitani na neno la kuchagua: Valkiria ni mwenye kuwachagua watakaokufa. Uingereza, kabla ya mwaka 1066, neno hilohilo kwa Kiingereza cha kale lilitumiwa na watawa kutafsiri majina, yaliyomo katika maandishi ya Kilatini, ya miungu wa kike wa kisasi na wa vita, kama vile Tisiphone na Bellona. Askofu Mkuu Wulfstan wa York, katika hotuba yake mashuhuri ya takriban mwaka 1014, aliyaorodhesha maovu yaliyoijaa nchi, na baada ya kuwataja wachawi akawataja hao "wachagua wafu" kana kwamba ni kundi la wanadamu wabaya wanaotembea vijijini. Hapo hakuna mrembo mwenye pembe ya kinywaji. Kuna kitu ambacho mtu mzima alikiogopa.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote umo katika saga ya Njál, simulizi ndefu ya nathari iliyoandikwa Iceland mwishoni mwa karne ya 13. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1014, siku ya vita vya Clontarf karibu na Dublin, mtu mmoja huko Caithness, kaskazini mwa Scotland, aliwaona watu 12 wamepanda farasi wakielekea kwenye nyumba ambamo wanawake hufumia nguo, wakaingia na kutoweka ndani. Akaenda, akachungulia dirishani. Wanawake walikuwa wamesimamisha kitanda cha mfumi. Vichwa vya wanaume vilining'inia chini kama mawe ya kuuvuta mtande. Matumbo ya wanaume yalikuwa ndiyo nyuzi. Walishindilia kitambaa kwa upanga, na mshale ulipita mahali ambapo mfumaji wa kawaida angepitisha kijiti chake. Walikuwa wakiimba huku wakifuma, na katika wimbo wao walitaja nani atakufa na nani atatawala. Walipomaliza wakakishusha kitambaa, wakakichana vipande, kila mmoja akashika kipande chake, wakapanda farasi, sita wakaenda kusini na sita wakaenda kaskazini.

Hao ni Wavalkiria, na wimbo wenyewe unawaita hivyo. Angalia kazi wanayoifanya. Kufuma ilikuwa kazi ya kila mwanamke katika jamii ile, na kitu kinachomsimamisha nywele yule anayechungulia dirishani ni kuiona kazi aliyoizoea, kazi ya mama yake na dada zake, ikifanywa kwa miili ya watu. Hakuna meno marefu wala makucha, na hakuna haja ya kuyaongeza.

Yule Valkiria mpole anayewahudumia mashujaa kwa kinywaji katika ukumbi wa Odin, mungu mkuu wa watu wa kaskazini, naye ni wa kale, kwa maana yumo katika mashairi na yumo katika Edda, kitabu cha visasili hivyo alichokitunga Snorri Sturluson wa Iceland mnamo 1220. Lakini hata Snorri anasema wazi kwamba Odin huwatuma katika kila vita, na kwamba ndio wanaoamua kifo cha watu na kuusimamia ushindi. Kilichomsogeza mbali na damu zaidi ya yote ni jukwaa la karne ya 19. Opera ya Wagner, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Munich mwaka 1870, ilimpa moyo wa huruma, na mavazi yaliyobuniwa kwa maonyesho ya Bayreuth ya 1876 yakampa kofia yenye mabawa ambayo mpaka leo watu hudhani aliivaa tangu mwanzo. Rafiki yako, nadhani, anamtetea huyo wa jukwaani.

Kwa hiyo hukuwatukana Wavalkiria kwa kumfanya mmoja wao atishe. Mimi nina lawama nyingine juu ya rasimu yako, na naisema kwa sababu naiona ina nguvu. Wasafiri wako hawako vitani. Valkiria wako anawanyonya damu kwa kuwa ana njaa, na Valkiria hana njaa. Anachagua. Kiumbe anayewinda ili ale kwa asili ni mnyama, hata akipewa uso wa mwanamke, na hadithi zimekwisha kujaa viumbe wa namna hiyo. Anayesimama kati ya majeshi mawili akiwatazama watu 1,000 na kujua ni yupi atakayeanguka kabla ya jua kutua, huyo ana uzito ambao mnyonya damu hawezi kuubeba, kwa sababu aliyechaguliwa hana la kumlaumu na hana la kumsihi.

Hapo ndipo Mwamazoni wa tamthilia na Valkiria wa rasimu yako wanapokutana. Wote wawili wametolewa uwanjani, mmoja akaingizwa chumbani na mwingine akawekwa kando ya barabara, na silaha zao zimegeuzwa kuwa mwili wao wenyewe: kwa mmoja ni tumbo la uzazi, kwa mwingine ni kinywa. Mpiganaji ana adui, ana upande, na anaweza kufa mikononi mwa mwenziwe, kama Penthesilea. Zimwi la namna hii lina windo tu. Ukitaka kupima kazi ya mwandishi yeyote katika uwanja huu, usiulize kama amemfanya mwanamke huyo mbaya au mzuri, bali tafuta ndani ya hadithi mtu ambaye mwanamke huyo anapigana naye kwa sababu inayoeleweka.

Nitakutajia na ukingo ambao mimi binafsi siuvuki. Kali, ambaye katika maandiko ya Kihindu yaitwayo Devi Mahatmya anatokea kwenye paji la uso la Durga katikati ya vita na kuinywa damu ya pepo Raktabija ili isianguke chini na kuzaa pepo wengine, anatisha kuliko Valkiria yeyote, na bado ni mtakatifu kwa mamilioni ya watu wanaomwomba leo. Utisho wake ni rehema kwa waumini wake. Kumchukua akawa zimwi la kuwindwa na shujaa wa kitabu ni kuingia katika nyumba ya watu wenye nyumba yao. Waamazoni na Odin hawana tena mahekalu yenye umati kama huo, kwa hiyo nafasi yako kwao ni kubwa zaidi.

Kuhusu rasimu yenyewe, ushauri wangu ni huu. Iache barabara na usiku, maana umeviandika vizuri, lakini waondoe wasafiri uwaweke askari wanaorudi kikosini baada ya likizo, watano au sita ndani ya gari moja, na mapambano yakiwa yanawangoja asubuhi. Mpandishe mwanamke wako humo kama abiria. Asimguse yeyote. Awe na kazi ya mkono, ya kufuma au kushona, na mmoja wao, yule aliyekaa karibu naye zaidi, aanze kuhesabu nyuzi na kuona kwamba hesabu yake inalingana na idadi ya watu waliomo ndani ya gari, isipokuwa uzi mmoja ambao bado haujakatwa.